Mzigo wa Nakonde: ushuru wa sifuri una makaratasi yake

Maharage yanatoka, mahindi yanapukuchuliwa, na simu yangu haipoi. Wiki hii peke yake nimepigiwa na vijana watatu, mmoja wa Itaka, mmoja wa Mlowo na mwingine wa hapa hapa Vwawa, na swali ni lilelile: "Bwana shamba, nimepata mteja Nakonde anataka tani kumi. Nikivusha, ushuru nitalipa kiasi gani?"

Jibu fupi ni kwamba unaweza usilipe ushuru wa forodha hata shilingi moja. Lakini jibu hilo fupi niliwahi kulitoa miaka kadhaa nyuma, likamwumiza mtu, ndiyo maana leo nataka tukae chini tulizungumze jambo hili vizuri.

Huyo alikuwa kijana wa Isansa. Alilima maharage yake, akaongeza ya majirani, akafikisha mzigo wa kujaza Fuso. Aliniuliza tukiwa tumesimama kando ya magunia, nikamjibu kwa kujiamini: "Zambia ni SADC, na sisi ni SADC. Hakuna ushuru, nenda." Cheti cha afya ya mimea nilimsaidia kukipata, nikaona nimemaliza kazi. Alipofika mpakani akaulizwa cheti cha uasili wa bidhaa. Hana. Hata jina lake alikuwa hajawahi kulisikia, maana mimi sikumtajia. Bila karatasi hiyo, maharage ya Isansa machoni pa forodha ni sawa na maharage ya kutoka popote duniani, hivyo yakatozwa ushuru kamili wa kuingia Zambia. Afisa aliyemhudumia hakukosea, alifuata sheria. Mnunuzi akalipa, kisha akaikata hela ile kwenye bei. Mwenye Fuso naye akadai siku mbili za kusubiri. Kijana akarudi na fedha pungufu kuliko ambayo angeipata kwa kuuza pale sokoni Mlowo, kilomita chache kutoka nyumbani.

Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Bwana shamba, si ulisema hakuna ushuru?"

Basi tuanze hapo. Mkataba wa biashara wa SADC ulisainiwa 1996, na eneo huria la biashara likazinduliwa Agosti 2008. Tanzania imo, Zambia imo, Malawi imo. Bidhaa zinazotoka nchi moja mwanachama wa eneo hilo kwenda nyingine, kwa sehemu kubwa sana, haziguswi na ushuru wa forodha. Ila unafuu huo hapewi mtu kwa kuwa ni Mtanzania, wala kwa kuwa gari lina namba za Tanzania. Unapewa mzigo, na mzigo lazima uthibitishe kwamba umezaliwa huku. Kwa sisi wakulima kuthibitisha ni rahisi kuliko kwa mwenye kiwanda, kwa sababu zao lililolimwa na kuvunwa ndani ya nchi linahesabika limetoka nchi hiyo moja kwa moja. Mwenye kiwanda anapiga hesabu za malighafi na thamani aliyoongeza. Wewe unaonyesha shamba.

Cheti cha uasili cha SADC kwa upande wetu kinatolewa na TCCIA, yaani chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapokwama: kitafute kabla Fuso halijapakia. Pale Tunduma na Nakonde tuna kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa Oktoba 5, 2019 na marais wa nchi zote mbili, Magufuli na Lungu. Utaratibu wake ni kwamba mzigo unaotoka Tanzania unahudumiwa upande wa Nakonde, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa sehemu moja, na unaotoka Zambia unahudumiwa upande wetu. Ni utaratibu mzuri, umepunguza kusimama mara mbili. Lakini maana yake ni kwamba ukigundua karatasi haipo, tayari uko ng'ambo, gari lina mzigo, dereva anahesabu masaa na foleni ya malori iko nyuma yako. Siyo mahali pa kuanza kujaza fomu.

Kuna mtu atasema, mbona tunasikia wafanyabiashara wadogo wana cheti chepesi kinachogongwa mhuri palepale mpakani? Kipo kweli, ila ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kinahusu mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na kinakufaa unapopeleka vitu Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi. Zambia si mwanachama wa Jumuiya. Na ule utaratibu rahisi wa COMESA wanaoutumia Wazambia na Wamalawi kati yao nao si wetu, kwa sababu Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa hiyo ukiwa Tunduma unatazama Nakonde, mlango wako ni SADC. Usikubali mtu wa pale stendi akuuzie karatasi ya Jumuiya eti "inafanya kazi hiyohiyo".

Na Kongo je? Hili nalo ninaulizwa sana. Ni kweli Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini mzigo wako ukipitia Tunduma kwenda Lubumbashi unakatiza Zambia yote hadi Kasumbalesa, hivyo kule Zambia unasafiri kama mzigo wa kupita, wenye dhamana na nyaraka za safari, siyo kama mzigo wa kuuzwa njiani. Kuuza gunia hata kumi Kapiri Mposhi kutoka kwenye mzigo ulioandikwa wa kupita ni kosa la forodha. Kwa kijana anayeanza, ushauri wangu ni kuuza Nakonde kwanza ukaizoea njia. Kongo ina faida, ila inataka mtaji wa kuvumilia.

Turudi kwenye neno lenyewe ushuru, kwa sababu linatuchanganya. Huku kwetu kila anayetuomba hela barabarani tunasema "ushuru". Ule unaoukuta kwenye kizuizi cha mazao ni ushuru wa halmashauri. Tangu mabadiliko ya 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Huo ni wa ndani ya nchi. Cheti cha SADC hakiufuti, na risiti yake haikusaidii kitu Nakonde. Halafu kuna ushuru wa forodha wa kutoa bidhaa nje. Tanzania inautoza kwa bidhaa chache tu, mfano korosho ghafi na ngozi ghafi, kwa lengo la kulazimisha zichakatwe nchini. Mahindi, maharage na mpunga havimo. VAT kwa bidhaa inayouzwa nje ni asilimia sifuri. Kwa hiyo upande wetu wa mpaka hakuna ushuru wa forodha unaokusubiri kwa maharage yako. Unaokusubiri ni wa upande wa pili, ule wa kuingiza, na huo ndio cheti kinaufuta.

Nyaraka nyingine zinajulikana ila nizitaje kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndiyo siri. Anza na mnunuzi. Mwambie achukue kibali cha kuingiza mazao ya mimea kwao Zambia na akutumie nakala, kwa sababu kibali hicho kinaandika masharti: mdudu gani asiwepo, mzigo ufukizwe au usifukizwe. Ukishakuwa nacho, ndipo unawaita TPHPA waje wakague na kutoa cheti cha afya ya mimea kinachoendana na masharti hayo. Vijana wengi wanafanya kinyume, wanakaguliwa kwanza, halafu kibali kinakuja na sharti ambalo halikuangaliwa. Kwa upande wako uwe na TIN, leseni ya biashara, na kibali cha Wizara ya Kilimo cha kusafirisha mazao nje, ambacho siku hizi unakiomba kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wizara, ATMIS. Mwaka 2023 malori ya mahindi yalikwama mipakani kwa sababu ya kibali hicho, hivyo usikidharau. Kama mtaji wako ni mdogo, uzeni kama kikundi au AMCOS, nyaraka zikae kwa jina moja.

Na uzito, jamani. Ankara inasema tani 10, cheti cha afya kinasema tani 9.6, cheti cha uasili kinasema magunia 100. Gunia gani? La kilo 100 au lumbesa? Afisa akiona takwimu tatu tofauti ana haki ya kushusha mzigo wote aupime. Pima mara moja kwenye mzani unaoaminika, andika kilo, na kilo hizohizo ziende kwenye kila karatasi.

Sasa upande wa kuingiza. Hapa pana pesa nyingi zaidi kuliko mnavyodhani, kwa sababu vijana wa sasa mnaagiza vitu: pampu, mashine za kupukuchua, power tiller, vipuri.

Nchi za Jumuiya zina Ushuru wa Pamoja wa Forodha kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Tangu Julai 2022 madaraja yake makuu ni manne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Juu ya hapo kuna bidhaa nyeti zinazolindwa kwa viwango vikubwa, na mkulima afurahi kujua kwamba zetu zimo: mahindi kutoka nje yana asilimia 50, na mchele asilimia 75 au dola 345 kwa tani, yoyote iliyo kubwa. Ndiyo maana mchele wa ng'ambo ukiingia bila msamaha maalumu hauwezi kirahisi kumshinda mkulima wa Kamsamba bei.

Daraja la kitu chako linaamuliwa na namba ya HS, siyo na jina lililoandikwa kwenye boksi wala na matumizi uliyonayo kichwani. Trekta liko kwenye 87.01, jembe la trekta na mashine ya kupandia 84.32, mashine ya kuvunia na kupukuchua 84.33, bomba la kunyunyizia dawa 84.24, pampu ya maji 84.13, mashine ya kusafisha na kuchambua nafaka 84.37. Trekta la kilimo ni asilimia 0. Lakini tairi la trekta linasimama kwenye sura ya mpira, 40.11, na halirithi sifuri ya trekta kwa sababu tu litafungwa kwenye trekta. Hapo ndipo mtu anapiga kelele kwamba ameonewa, kumbe hajasoma. Kabla ya kutuma hela kwa muuzaji, mwombe namba ya HS ya tarakimu sita kwa kila kitu kwenye ankara, kisha mpe wakala wa forodha aihakiki. Kazi hiyo haimalizi hata siku.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kitu chako kiko daraja la asilimia 25, na gharama yake ikijumlisha bima na usafiri hadi kinapoingilia nchini ni shilingi milioni 10. Ushuru ni milioni 2.5. VAT haipigwi kwenye milioni 10, inapigwa kwenye milioni 12.5, na asilimia 18 yake ni 2,250,000. Jumla 4,750,000 kabla ya tozo nyingine kama ya maendeleo ya reli na ada ya forodha. Kitu hichohicho kingekuwa daraja la sifuri na kimesamehewa VAT kama zana ya kilimo, milioni hiyo nne na ushee ingebaki mfukoni. Angalia tena: ni mambo mawili tofauti. Ushuru wa forodha una orodha yake ya Jumuiya, VAT ina sheria yake ya Tanzania. Kitu kinaweza kuwa sifuri kwenye moja na kikatozwa kwenye nyingine. Uliza yote mawili.

Tena kuna msamaha, ambao si sawa na daraja la sifuri. Daraja la sifuri ni la kila mtu anayeagiza kitu hicho. Msamaha unatolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kwenye Jedwali la Tano, na mara nyingi una masharti. Humo mna mbegu za kupanda, pembejeo za kilimo na bustani zilizopendekezwa na mamlaka husika, magari yenye jokofu na vingine. Neno "zilizopendekezwa" ni zito. Barua ya mapendekezo unaitafuta kabla mzigo haujafika, la sivyo unalipa gharama za kuhifadhi huku unaizungusha barua maofisini. Na kitu ulichosamehewa kwa ajili ya shamba hukiuzi kwa mtu asiye na msamaha wala kukigeuzia kazi nyingine bila kwenda forodha. Ushuru uliosamehewa utadaiwa.

Mbegu naomba niziseme peke yake, maana najua kuna mbegu za mahindi za Zambia mnazipenda. Kusamehewa ushuru si kuruhusiwa kuingia. Mbegu inaangaliwa na TOSCI kama aina hiyo imesajiliwa nchini, na TPHPA wanataka kibali cha kuingiza. Mifuko mitano uliyoficha chini ya kiti cha kosta haina ushuru, ni kweli, na bado inaweza kuchukuliwa yote. Kwa upande mwingine, mbolea ya ruzuku haivuki kwenda ng'ambo hata ukiwa na vyeti vyote duniani. Ile imelipiwa na serikali kwa ajili ya mkulima aliyesajiliwa huku.

Hilo ndilo linalofanya niwaonye msiegemee ushuru peke yake. Malawi ni SADC kama sisi, tunapakana nayo Isongole kule Ileje na Kasumulu kule Kyela. Machi 2025 ilizuia mazao kadhaa kuingia kwake, yakiwemo mahindi, mchele, tangawizi na ndizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo nayo ilikuwa haipokei ndizi zetu, kisha zuio letu likaondolewa kupisha mazungumzo. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ilipofungua siku chache baadaye ikataka cheti kinachoonyesha sumu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Katika matukio yote hayo ushuru ulikuwa bado sifuri kwenye vitabu. Kabla ya kupakia, piga simu mpakani uulize: leo zao hili linapita?

Ukitozwa kimakosa, usiishie kulalamika kijiweni. Lipa au weka dhamana, chukua nyaraka zako, uandike. Sheria hiyo ya 2004, kifungu cha 229, inakupa siku 30 za kuomba Kamishna aupitie upya uamuzi, naye ana siku 30 za kukujibu. Asipojibu ndani ya muda, inahesabika amekubali ombi lako. Usiporidhika na jibu, una siku 45 za kukata rufaa baraza la rufaa za kodi. Na kama ulilipa zaidi kwa bahati mbaya, maombi ya kurudishiwa yana miezi 12 tangu ulipe. Haya yote ni kwa forodha yetu na nchi za Jumuiya. Lililotozwa Zambia analifuatilia mnunuzi wako kwa sheria zao, na kwa uzoefu wangu, mnunuzi ambaye ameshaikata hela hiyo kwako hana haraka.

Njia za panya nazo mnazijua kuliko mimi, sina haja ya kuzitaja majina. Nitataja kifungu cha 200 tu: magendo ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo, au vyote, na mzigo unataifishwa. Chombo kilichobeba nacho kinaweza kwenda, iwe Fuso ya tajiri au bodaboda ya mkopo. Cheti cha kughushi kina kifungu chake, cha 203, na kinafika miaka mitatu au faini hadi dola 10,000. Sasa jiulize, mtu anazunguka usiku na maharage porini ili akwepe ushuru ambao mchana, kwa karatasi moja, ni sifuri. Nimewaona wanaofanya hivyo, na karibu wote hawakujua.

Viwango na misamaha huguswa kila mwaka, vingi vikianza Julai 1 baada ya bajeti ya Juni. Karatasi uliyochapisha msimu uliopita usiitegemee.

Yule kijana wa Isansa bado analima, na bado anauza Nakonde. Msimu huu alinitumia picha ya faili lake kabla hajaita gari: kibali cha mnunuzi juu, cheti cha TPHPA, kibali cha Wizara, cheti cha TCCIA, ankara, zote kilo 9,850. Chini akaandika, "Bwana shamba, angalia kama nimesahau kitu." Nikaangalia mara mbili. Hakusahau, ila jina la mnunuzi kwenye ankara lilikosewa herufi moja, nikamwambia alirekebishe kwanza ndipo apakie.